Nilibonyeza Moja

Kitahana, Kibondo

Kwa shemeji yangu mpendwa Jeanne,

Mwakeye, dada? Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kasulu, na mwanao Stanislaus ananyonya vizuri. Mimi napumua tu. Nasema, na Mwanaamina wa dukani ananiandikia, maana kwenye simu nilijaribu kukwambia, nikakata kabla sijamaliza.

Unaikumbuka ile huduma ya simu ya mama na mtoto? Kliniki waliniandikisha mimi baba, kwa kuwa simu ni yangu, wakachagua ya sauti maana kusoma sijui. Kila Jumatatu ilipiga, sauti ya dada iliyorekodiwa ikaongea taratibu, nami naweka sauti kubwa uani. Mke wangu Esteri alinitania eti mke mwenzake kapiga. Lakini tulifuata yote. Damu ilipoanza kumtoka siku ya uchungu nilijua ni hatari, sikungoja, pikipiki ikatufikisha hospitali. Nilifanya kila kitu, dada, na bado nikarudi na mtoto peke yake. Lo!

Siku ya kuondoa matanga uliomba umchukue Ndayikunda, ukasema maziwa yako yanatosha wawili. Nikasimama mbele ya ukoo nikasema mwanangu haondoki, simu itanifundisha kulea. Wazee waliguna. Nilikuona ulivyoinama.

Sasa nisikilize. Simu ilipopiga baada ya msiba iliuliza: kama mama na mtoto ni wazima, bonyeza moja, kama mama amefariki, bonyeza mbili. Kidole kilikataa. Nilibonyeza moja. Basi ikawa inaniambia nimpikie Esteri mboga za majani, anyonyeshe tu, mtoto asipewe kingine. Nami nasikiliza hadi mwisho, kwa kuwa hapo tu ndipo alikuwa bado hai. Mtoto nikawa nampa maziwa ya ng'ombe na maji, kwa kubahatisha.

Juzi kliniki wamempima. Amekonda, dada, mbavu zote nje. Muuguzi kanigombeza mpaka nikalia. Leo simu ilipopiga nimebonyeza mbili. Ikanipa pole, kisha ikaeleza namna ya kumlisha mtoto aliyefiwa na mama, na kwamba kama yupo ndugu anayenyonyesha, aombwe mapema. Yote hayo ilikuwa nayo siku zote.

Barua hii nampa kondakta wa basi, ikufikie haraka. Njoo umchukue. Nguo zake nimeshafunga. Nikibadili nia ukiwa mlangoni, usinisikilize; mbebe uende.

Msalimie mzee wa nyumba na watoto wote. Mwanaamina naye anakusalimu, anafuta machozi.

Ni mimi shemeji yako,
Anania, baba Ndayikunda