Vidonge Nilivyokuwekea

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imenikuta kwenye cherehani, chupa ya maji iko miguuni. Zamani nilikuwa sinywi, nisije nikainuka kitini kazi zikiwa zimebanana. Mkojo ukaanza kuniunguza kama pilipili. Daktari akanipima, akaniandikia antibayotiki ya siku saba. Siku ya tatu nikajiona mzima, na kwa kuwa tangu utoto tunagawana kila kitu, vidonge vilivyobaki nikakufungia kwenye kitambaa.

Wiki haikuisha, moto ukarudi. Mpimaji wa maabara, mama mmoja mkali, akaniita nichungulie kwenye hadubini. Tone langu la mkojo lilijaa vijidudu vikihangaika kama watu sokoni.

"Hao ndio walionusurika," akasema. "Dawa uliiachia njiani."

Nikapewa dawa nyingine, nikaimaliza yote kwa saa zake. Nikarudi kuchungulia. Tone limetulia kama maji ya mtungini. Kidonge kidogo vile kimefagia ulimwengu mzima.

Kwa hiyo bahasha usiitikise ukitafuta vidonge, haina kitu. Vile vya kitambaani nimevirudisha duka la dawa. Umeandika kwamba nawe mkojo unakuunguza, mgongo unauma na una homa, halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwamba una mimba ya miezi minne na mama hajui. Si kila dawa inamfaa mjamzito. Nenda leo hii upimwe, upewe ya kwako.

Mama nitamkabili mimi. Hilo ndilo la kugawana.

Dada yako