Injini Tuliyoongea Nayo

Baba,

Nimeandika neno hilo moja, nikaweka kalamu chini, nikaenda kuchemsha maji, nikarudi. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukuita bila mtu wala kitu katikati yetu.

Sababu unaijua. Kwenu Tukuyu, zamani, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, hapishani naye mlangoni. Wengi nyumbani wameshayaacha hayo. Lakini mimi nilifundwa hivyo na wewe ulilelewa hivyo, na ulipokuja kukaa nasi hapa Pickering, ughaibuni, baada ya mama kufariki, hakuna kati yetu aliyethubutu kuwa wa kwanza kuvunja. Ukitaka kushuka jikoni ulikohoa mara mbili juu ya ngazi. Nami nilifunika ugali wako, nikaingia chumba cha kufulia nikajifanya nakunja nguo. Lusajo alitucheka sana. "Nyumba yenyewe vyumba vitatu, na baba yangu na mke wangu wanapishana kama treni."

Halafu ikaja ile pikapu.

Lusajo aliinunua kwa ajili yangu, ivute trela la viti, mahema na masufuria makubwa, niwe nakodisha kwenye harusi na misiba ya watu wetu. Mgongo wangu umechoka na kazi yangu ya kuinua wazee kitandani. Lakini injini yake ilikuwa ndogo, tena imechoka kuliko mimi. Bei ya injini kubwa hatukuiweza. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikisikiliza ulipomwambia mwanao mezani, "Bloku, mwili wa injini, litabaki hilohilo. Tutalitia kranki ya injini kubwa, kaka yake." Ukamweleza kwamba kranki ile, yaani mhimili unaosukumwa na pistoni, ina mkono mrefu zaidi, kwa hiyo pistoni itashuka chini zaidi na kupanda juu zaidi, na injini itavuta hewa nyingi kuliko ilivyozaliwa. Kranki mliing'oa wenyewe kwenye gari bovu katika yadi ya vyuma chakavu. Pistoni na ringi zake, zile pete zinazoizunguka pistoni, ndivyo vitu pekee mlivyonunua vipya.

Kisha Lusajo akabadilishiwa zamu, na bega lako la kulia likakataa kupanda. Jumamosi moja nikakusikia gereji, mlango uko wazi kidogo: "Wewe injini, leo nani atakushikia taa? Maana mwanangu yuko kazini."

Hapakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba, baba. Nilisimama pale mlangoni nimeshika kitambaa cha vyombo. Nikaingia, nikachukua taa, nikasimama upande wa pili wa bloku, ambapo lilikuficha kuanzia mabega kwenda juu.

Hukugeuka. Ulisema, "Haya, injini, taa imefika. Mwambie aisogeze kushoto."

Nikasema, "Injini, mwambie baba kushoto kuna mnyororo wa kreni."

Ndivyo tulivyoanza. Vifaa tuliviweka kwenye kadibodi katikati, wewe ukiweka na mimi nikichukua, mikono isikutane. Siku niliyoangusha nati ikapotelea chini ya jokofu ulisema, "Injini, huyu umemwajiri wapi?" Nikajibu, "Mwambie hata mshahara wa kwanza sijauona." Ulicheka mpaka ukashika mlango wa pikapu. Nilikusikia tu. Nilikuwa nimeinama natafuta nati.

Ulinifundisha kazi kwa njia hiyohiyo. Kila pistoni ikishaingia tuliizungusha kranki kwa mkono, mizunguko miwili kamili, polepole, kiganja kimewekwa juu ya bloku, kusikiliza kama ile kranki ndefu inagusa popote. Pistoni ya tano iligusa. Kamlio kadogo, kama jino likigonga kijiko. Mimi sikusikia, wewe ulisikia. Ukalikwangua bloku kwa grainda, kidogo sana, ukasema, "Injini, pole, nimekuumiza kidogo."

Pistoni sita zilikuwa zimeingia. Mbili bado.

Siku kifua kilipokubana na gari la wagonjwa likakuchukua, nilikuwa mimi peke yangu nawe. Pale hospitali muuguzi aliniuliza jina la mgonjwa na mdomo wangu ukakataa. Akauliza tena. Nikaomba kalamu, nikaliandika. Nadhani alidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini si kwa hilo. Moyo wako ulisimama kabla Lusajo hajafika, baba, na mimi nilikuwa nje ya pazia, kwa sababu nilisubiri mwanao aje ndipo niingie nyuma yake. Ningeweza kuingia. Hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Wewe mwenyewe usingenilaumu.

Wakati wa kuaga, Lusajo alinishika kiwiko, tukapita mbele ya jeneza, nami nikakutazama. Una kovu dogo chini ya jicho la kushoto. Sikujua. Miaka miwili nyumba moja, na sikujua.

Sasa nikueleze yaliyofuata.

Mwenye nyumba hii tuliyopanga ametaka gereji yake ifikapo mwisho wa mwezi huu, kwa sababu mtoto wake anarudi na gari lake. Lusajo akasema, "Mke wangu, pikapu hii tuwape watu wa vyuma chakavu. Baba hayupo, na mimi siwezi kuitazama." Nilimwomba aniachie hizo wiki chache. Nikamwambia ikiwaka kabla ya mwisho wa mwezi inabaki; isipowaka, iende. Akakubali kwa kichwa tu.

Pistoni mbili niliziingiza peke yangu, nikazungusha kranki mara mbili kwa kila moja, kiganja juu ya bloku. Hazikugusa. Lusajo alinisaidia kufunga vichwa vya silinda na kuishusha injini mahali pake kwa kreni ya kuazima. Mpaka hapo ungejivunia.

Lakini nilifanya kosa, na sitalala vizuri mpaka nimekuambia. Wiki ya pili baada ya mazishi nilifagia gereji. Kwenye kona kulikuwa na ile puli nzito, gurudumu la chuma la mbele ya kranki, imekatwa upande mmoja kama mkate ulioumwa. Kando yake ilikuwapo puli ya injini ya zamani, ya mviringo mzuri, haina kasoro. Nikasema baba hakupata nafasi ya kutupa hii mbovu. Nikampa mzee anayepita kuokota vyuma. Nikaifunga ile nzuri. Ilikaa sawasawa kabisa.

Tulipowasha, injini iliitikia mara ya pili, Lusajo akapiga kelele ya furaha. Kisha ikaanza kutetemeka. Kwanza kioo, kisha milango, kisha kopo la misumari likatembea lenyewe kwenye rafu mpaka likaanguka. Nikazima. Lusajo alinawa mikono akapanda juu.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva, na ndipo nikakusikia. Siku mliyoileta ile puli uliiweka mezani ukaiambia, mimi nikiwa upande wa pili, "Wewe kilema, usinipotee. Bila wewe wenzako wote watatetemeka." Nilidhani ni utani wako. Nilijiuliza una maana gani, nikataka kukuuliza, nikashindwa hata kumwuliza injini, kwa sababu niliona haya kujifanya mwenye kutaka kujua sana. Kumbe kranki ile hailingani uzito yenyewe. Puli ilikatwa upande makusudi ili isawazishe uzito wa kranki. Uliniambia, baba. Uliniambia kwa njia pekee tuliyokuwa nayo, na njia hiyo haikutosha.

Yule mzee alikuwa ameshaiuza ikayeyushwe. Nimezunguka yadi za vyuma kila nilipotoka kazini, Scarborough, Ajax, mpaka nje ya Oshawa, magoti kwenye theluji, nikipapasa chini ya magari mabovu ya mfano ule. Juzi nikaipata. Nilifuta grisi kwa kidole, nikaona mahali palipoumwa, nikaketi pale chini. Kijana wa yadi akaja mbio. "Mama, hiyo imevunjika. Ngoja nikupe nyingine nzuri." Nikamwambia, "Nipe hiyohiyo iliyovunjika." Alinitazama kama muuguzi alivyonitazama.

Jana tumeifunga. Lusajo alishika taa. Nilipowasha, ilinguruma chini kwa chini, nzito, imetulia. Aliweka kikombe chake cha chai juu ya injini, chai haikumwagika. Akatoka nje akasimama kwenye theluji bila koti, mgongo kwetu, muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akauliza, "Trela tutalilaza wapi gereji ikiondoka?" Hivyo tu. Habari ya kuuza haikutajwa tena.

Keshokutwa ni kazi ya kwanza. Familia moja ya Warundi kule St. James Town wamefiwa na bibi yao. Wanataka viti, hema na masufuria mawili ya wali. Nitaendesha mwenyewe. Nitaingia mpaka ndani kwa wafiwa, nitawashika mikono, na nitauliza jina la marehemu nilitaje.

Nenda salama, baba. Kuhusu injini usiwe na wasiwasi. Ringi bado mpya, hazijazoeana na silinda, na najua hupendi zipelekwe haraka. Nakuahidi sitaikimbiza. Trela litakuwa jepesi safari hizi za mwanzo, mlima nitaupanda taratibu, wenye haraka wanipite na honi zao. Nitaipa muda mpaka ringi zikae.

Mkweo,
Tumaini