Swali Lililoishia Mlango wa Kwanza

Kasulu, Novemba 2015

Mdogo wangu Riziki,

Leo ni miaka kumi na tisa tangu nivuke ziwa kutoka kwetu Fizi, Kongo, kuja upande huu wa Kigoma, na siku tatu tangu nianze kuitazama karatasi hii bila kuandika neno. Mguu wako unaendeleaje? Muhogo wa bondeni umeuvuna, au nguruwe pori wamekutangulia? Mimi ni mzima. Baridi ya asubuhi inanisumbua magoti, lakini hilo si la kukusikitisha. Ninalotaka kukuambia nimeshindwa kulisema kwa simu. Kaa chini kwanza.

Kaka yetu Asukulu yuko hai. Yule tuliyemfanyia matanga bila mwili alikuja kambi ya Nduta mwezi uliopita pamoja na Warundi wanaokimbia, akaniulizia kwa jina langu na la baba. Akajibiwa kwamba sipo. Aliyesababisha ajibiwe hivyo ni mimi.

Nikueleze polepole. Unajua kwamba tangu niache waya za simu za posta nimekuwa nikitunza kompyuta za shirika moja la misaada. Nalala kambini Nyarugusu, na kwa kibali naja mjini Kasulu kufanya kazi. Nduta, kule Kibondo, ilipofunguliwa tena mwaka huu, shirika liliweka dawati la kutafuta ndugu. Programu ya dawati hilo haikai Nduta wala Kasulu. Inakaa kwenye kompyuta za kukodi zilizo ng'ambo, zile wanazoziita wingu. Lakini orodha ya zamani ya wakazi wa Nyarugusu, ambamo nami nimo, ilibaki kwenye mashine yetu ya Kasulu, kwa kuwa haikuruhusiwa kutolewa.

Mashine moja ikitaka kuifikia nyingine huitafuta kwa jina, na ziko seva za kujibu maswali hayo ya majina. Huduma hiyo tunaiita DNS. Wingu lina seva yake, ila haijui majina ya mashine za ofisi yetu. Ni lazima uiandikie: swali lolote la majina yetu, lipeleke nje, kwa seva fulani. Kazi hiyo nilipewa mimi, na niliipenda, kwa sababu inafanana na ile ya ujana wangu kwenye ubao wa simu: mtu anamwomba fulani, nawe unamwunganisha.

Niliandika anwani mbili. Ya kwanza ilikuwa ya seva kubwa ya nje inayohudumia umma, kwa sababu hiyo haizimiki. Ya pili ilikuwa ya kwetu Kasulu, ambayo umeme ukikatika hunyamaza mpaka jenereta liwashwe. Niliwaza kwamba ya kwanza isipojua, swali litasogea kwa ya pili. Nani alinifundisha hivyo, Riziki? Ni baba na mama. Kwetu mgeni akiulizia nyumba ya mtu usiyemjua, humwambii hayupo. Unaweka jembe chini, unampeleka kwa jirani, na jirani akishindwa anampeleka kwa mwingine, mpaka apatikane anayejua. Nilidhani mashine nazo zina adabu hiyo.

Hazina. Seva ya kwanza ikinyamaza, ndipo swali huenda kwa ya pili. Ikijibu kwamba jina hilo halipo, shauri limekwisha. Na ile seva kubwa haikunyamaza hata mara moja. Haijui lolote kuhusu ofisi yetu, nayo ilijibu upesi kila ilipoulizwa: halipo. Programu ikakosa njia ya kuifikia orodha ya Nyarugusu, ikatafuta kwenye orodha mpya ya Nduta peke yake, kisha ikaonyesha kwamba mtu hakuonekana. Mimi nilikuwa nimelijaribu jina la mashine yetu nikiwa ofisini, ambako mashine huiuliza seva yetu moja kwa moja. Likaitika. Nikaenda kunywa chai.

Mambo yalikwenda hivyo siku tisa. Aliyegundua ni injinia wetu, binti wa Dar es Salaam.

"Mzee wangu, umelituma swali kwa mtu asiyetujua kabisa."

"Si lingeenda kwa wa pili?"

"Liende kufanya nini wakati limeshajibiwa? Hii siyo Nyarugusu, mzee, watu kushikana mikono kutafutiana nyumba!"

Alicheka, nami nikacheka. Tukaifuta anwani ya kwanza, tukaacha ya kwetu. Wiki iliyofuata nilipanda gari la shirika kwenda Nduta kukagua.

Anayehudumia dawati ni mama wa Kibondo, Bi Neema. Ana daftari la mkono ambamo huandika majina ya waliotafutwa wasionekane. Nilimwomba anisomee ili tuwatafute upya. Jina la sita lilikuwa langu.

"Ngoja," nikasema. "Nani alimuulizia huyu?"

"Babu mmoja mrefu, ana kovu la moto hapa shingoni. Kiswahili chake kama chako, cha Kongo. Alisema mdogo wake ni fundi wa simu."

"Ukamwambiaje?"

"Mashine inasema hayupo. Akaniambia, mama, iulize tena, huyo hata akijificha utamsikia, anakoroma kama trekta." Alianza kutabasamu, kisha akanitazama usoni, akaacha. "Niliiuliza mara tatu, mzee. Mara tatu."

"Naye?"

"Alikaa kwenye benchi lile. Akasema, basi, leo nimemzika. Kesho yake sikumwona. Majirani zake wa hema wanasema amerudi mpakani kuwafuata wanawe."

Niliomba kibali cha siku mbili, nikafika hadi Kasanda, njia ya mpakani, nikiuliza. Mwenye duka mmoja alimkumbuka. Alimwuzia betri za tochi. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Watu wananifariji. Injinia hakucheka tena. Alisema kosa hilo wengi hulifanya. Huenda, lakini hao wengi hawakuwa na kaka kwenye foleni. Ninachojutia si kutojua kanuni ile. Nilikuwa fundi, na fundi wa simu hasemi laini ni nzima mpaka apige kutoka upande wa pili. Nimewafundisha vijana hivyo miaka mingi, na siku iliyonihusu nikajaribu upande mmoja tu.

Nisalimie mumeo Lubunga. Nisalimie shangazi yetu Mwajuma, aliyeongoza matanga ya Asukulu. Mwambie kilio chake kilikuwa cha mapema, na mwambie taratibu, moyo wake si ule wa zamani. Wabusu wajukuu, na huyo aliyepewa jina langu umwonye kuhusu kukoroma.

Ulisema kiwanja changu mmekizungushia ua, nami nije kabla ya mvua kubwa. Asanteni sana, lakini kiwanja hicho mpe mwanao. Asukulu akiniulizia tena, ataniulizia kwenye dawati lile, na nataka siku hiyo anikute nimekaa hapo. Nimeomba kuhamishiwa Nduta, wamekubali. Mimi sitarudi Fizi.

Kaka yako,
Wilondja