Ngozi Zenye Matundu

Kano, 4 Machi

Mdogo wangu Barau,

Salaam nyingi. Huku tu wazima, ila magoti ya Mama. Wewe je, hujambo huko Zamfara?

Mzigo wa ngozi za kutengeneza umefika. Chumvi umeitia kibahili, ngozi tatu zimeoza, manyoya yananyofoka kwa kidole. Lakini si hilo. Ng'ombe hawa hawakuchinjwa! Shingoni hakuna alama ya kisu, ubavuni matundu ya risasi. Unanunua kwa nani, we mwendawazimu? Achana na soko hilo, urudi nyumbani.

Kaka yako,
Gambo

Zamfara, 11 Machi

Kaka Gambo,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi mzima, kama kuhema ndio uzima.

Wanaoniletea ni watu wa bunduki. Mwenzangu Sule aliwauliza mwenye ng'ombe ni nani. Wakampiga risasi ya mdomo, akaangukia rundo la ngozi. Wakaniambia, "Wewe endelea kutia chumvi." Nikaendelea. Nikitoroka, wameapa kumfuata Mama.

Nakuomba, ngozi zitumbukize kwenye shimo la maji ya majivu leo leo manyoya yatoke, na chapa za mwenye ng'ombe uzikate. Mwenyewe asije akazitambua.

Mdogo wako,
Barau

Kano, 19 Machi

Barau,

Salamu baadaye. Umechelewa! Mzee Yero, mfugaji wa Kifulani anayetafuta ng'ombe wake walioporwa, kaja hapa kaona chapa yake, kaikumbatia ngozi analia. Mkewe hao watu wako wa bunduki walimuua, bintiye wakamchomea ndani ya nyumba. Wana wa Yero wakanizamisha mkono kwenye maji ya majivu mpaka ukababuka. Sikukutaja. Wakaniwekea kisu changu cha kukwangulia ngozi jichoni. Nikakutaja. Ndiyo, nimekutaja!

Wameondoka asubuhi kuja huko kwako. Mama nimemhamishia kwa shangazi. Kimbia sasa hivi, Barau, nakusihi.

Kaka yako,
Gambo

Zamfara, 2 Aprili

Kaka,

Pole sana kwa mkono. Barua yako imenikuta nakunywa fura, uji wa mtama na maziwa, na haohao Yero na wanawe. Hawakuniua. Mzee Yero alisema tu, "Tuonyeshe." Nikawaonyesha wanapolala wale wa bunduki.

Tuliwavamia alfajiri kwa mapanga. Aliyemuua Sule nilimpata mimi, kwa kisu cha kuchunia. Akawa ananiita, "Kaka, kaka, nihurumie." Nikamkata mpaka akaacha kuita. Siku hiyo nikalala fofofo. Najiogopa, Kaka.

Wawili wametoroka, tunawafuata. Mzee Yero sasa ananiita mwanangu. Sirudi. Mama akiniangalia usoni atajua.

Mwambie wameniua. Atalia, halafu atapoa.

Mdogo wako,
Barau