Nakala Ninazo, Zimo Sandukuni

Mpendwa mshauri wa gazeti, naomba msaada, na kama utacheka basi cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza kueleza sitaki kelele. Mimi ni fundi wa kutarizi, mzee wa miaka sabini na ushee, shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kukubaliana, na kazi yangu ni kushona nembo na maua kwenye sare, mashuka na majoho kwa mashine inayotumwa na kompyuta. Kompyuta yenyewe ni ile wanayoiita mpakato, ingawa yangu ukiipakata dakika kumi mapaja yanaiva. Ina miaka kumi na mmoja, inaamka polepole kama mimi, lakini ikishaamka inafanya kazi.

Sasa tangu mwaka jana inanitolea maandishi pale pembeni, kwamba mfumo endeshi umezeeka, hautalindwa tena, niusasishe. Mfumo endeshi! Miaka yote nilidhani anayeendesha ni mimi. Nikaona inanisimanga uzee, nikachukua kipande cha kile kitambaa kigumu tunachoweka ndani ya kola, nikabandika juu ya maandishi, tukaishi kwa amani, mpaka juzijuzi mpiga picha wa duka la pili akaingiliwa na virusi, mafaili yote yakafungwa, harusi za watu zikapotea, mwanaume mzima akakaa mlangoni kashika kichwa. Ndipo mke wangu akaniambia, "Wewe baba, hiyo laptopu iangaliwe. Mimi maua yangu siwezi kuyachora tena."

Na hapo ndipo penye ugumu. Michoro yote, mia tisa na kitu, ameichora yeye kwa miaka kumi na tisa, kwanza kwenye kompyuta iliyokufa kisha kwenye hii, na siku hizi mkono wake wa kulia unatetemeka, hata kikombe anakishika kwa mikono miwili. Mimi nashona tu. Jina la duka ni langu, maua ni yake.

Tukampigia mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayetengeneza kompyuta za maofisini. Akasema, "Mjomba, nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nafuta kila kitu, naweka mfumo mpya. Nakala unazo lakini?" Nikajibu kifua mbele, "Nakala ninazo, zimo sandukuni." Na kweli zimo, mshauri! Kila ua tulilowahi kushona nimelishona mara ya pili kwenye kipande cha kitambaa, nikaandika namba yake kwa kalamu, nikaweka. Akauliza, "Hilo sanduku linabeba kiasi gani?" Nikamwambia mbuzi wawili, wakikunja miguu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjomba, una utani wewe!"

Wiki hii nimeenda kununua waya kwenye duka la vifaa vya kompyuta, namsikia muuzaji anamweleza mteja kwamba nakala ni faili lilelile limewekwa kwenye diski nyingine. Nikaweka waya chini. Nikamuuliza, "Na kipande cha kitambaa je?" Akaniuliza kama nimekula. Nikarudi nyumbani, mke wangu akauliza, "Zile nakala ziko salama?" Nikasema ziko salama.

Sasa nikikiri, mpwa wangu atanitangaza ukoo mzima, maana nimemtania tangu ana meno mawili na anangoja zamu yake. Nimefikiria kumwambia asije, nisingizie mafua, tuuache huo mfumo wa zamani tuzeeke nao. Au nimwache abadilishe tu, huenda maua yakabaki? Nishauri.

Fundi Nyuzi

*

Fundi Nyuzi, nimecheka, nimemaliza, sasa nisikilize.

Ulipomwambia mpwa wako nakala zimo sandukuni hukudanganya. Ulisema neno la fundi kwa mtu wa kompyuta, kila mmoja akasikia la kwake. Uongo umeanza pale mkeo alipokuuliza, nawe tayari unajua. Huo ni wako, usiusukumie laptopu.

Mpwa wako mpigie leo hii. Mwambie, "Michoro iko mahali pamoja tu, usifute kitu." Atakucheka, naam, na utachekwa vizuri. Hakuna aliyekufa kwa kuchekwa na mpwa. Kisha mnunue diski mbili za nje, si moja, mnakili mafaili yote kwenye zote mbili, na msiziamini mpaka zimefunguka kwenye kompyuta nyingine. Anayekagua asiwe wewe, awe mkeo. Yeye ndiye achague maua ya kujaribia, ayaone kwa macho yake, na mashine ishone moja kutoka kwenye nakala. Diski moja ikae kwako, nyingine akae nayo mpwa wako nyumbani kwake.

Hapo sasa ndipo tuzungumze habari ya mfumo. Muulize mpwa wako kama laptopu ya miaka kumi na mmoja ina nguvu ya kubeba mfumo mpya, na kama programu yako ya kutarizi itakubali kufanya kazi humo. Akisema ndiyo kwa yote mawili, sasisha, usizungushe. Akisema hapana hata kwa moja, iache ilivyo lakini ikate mtandao kabisa, itume mashine tu, barua pepe za wateja uzipokelee kwenye kompyuta nyingine. Kuiacha na uzee wake huku iko mtandaoni, hilo siruhusu. Na kile kitambaa kibandue! Yale maandishi hayakuwa yanakusimanga, yalikuwa yanakuonya, mzee mzima unaziba mdomo wa anayekuonya.

Lakini kabla ya simu, kabla ya diski, kuna mkeo. Usimwendee na utani, nakujua ulivyo kwa barua moja tu. Mwambie huna nakala na ulisema unazo. Akikasirika, nyamaza, ana haki. Wewe unaogopa kuchekwa. Yeye anaogopa kupoteza kazi ya mkono ambao hauwezi kuirudia, na hajui kwamba ana sababu ya kuogopa.

Kunja gazeti. Mkeo yuko chumba gani? Nenda.