Kitabu cha Noel kimefika

Daz, maktaba wametuma ujumbe kwenye simu ya Noel. Kitabu alichoagiza kimefika. Miezi mitatu tangu msiba wake.

Unakumbuka mume wangu Noel aliagiza vitabu vitatu vya mashoga kama sisi kabla havijatoka? Cha mizimu, cha upelelezi, na kile cha wanaume wawili wanaopendana, wakata manyoya ya kondoo. Hicho ndicho kimefika.

Nikaenda na kadi yake. Binti wa kaunta akasema, "Sheria ya halmashauri, mzee. Mwenye kadi aje mwenyewe."

Nikashindwa kusema amekufa. Nikamjibu, "Haya, nitamwambia."

Nitamwambia. Nimesema hivyo kabisa, Daz.

Halmashauri hao hao kodi ya nyumba wanapokea kwa yeyote. Hapo hawaulizi mwenyewe yuko wapi.

Na mimi kusoma kwangu unakujua, ukurasa mmoja nusu saa. Noel aliahidi kunisomea hicho chote. Nilitaka nijikongoje nacho mwenyewe.

Nimerudi nyumbani. Kopo la majivu yake, tangu tulipouchoma mwili, bado liko juu ya friji. Nimesimama pale na koti langu, nikamwambia kitabu kimefika, wanakiweka mpaka Ijumaa.