Sukari ya Mgonjwa Aliyekwisha Kuzikwa

Mpendwa Shangazi Petronilla, nisaidie kabla tarehe tano haijafika, na majina yetu tafadhali uyabadilishe. Mume wangu Omoding alikuwa karani wa kampuni ya kupitisha mizigo hapa Malaba, ikafungwa mwaka juzi, na makarani wana chama chao, walio kazini huchanga ili aliyefutwa apate kitu kila mwezi mpaka aandikwe tena, na watu hao Mungu awabariki, hatukulala njaa hata siku moja. Mweka hazina wao, Bwire, huleta bahasha mwenyewe kwa baiskeli kila tarehe tano na mzee anatia sahihi kwa daftari, halafu mzee akaugua, mkono ukawa unatetemeka, akaniambia Benedetta nitilie wewe, Bwire akakubali. Mwezi wa nane ndugu zake wakampeleka kwao ng'ambo ya mpaka, Tororo, akafia huko, tukamzika huko huko, hapa Malaba hakuna aliyejua. Niliporudi Bwire akaja na bahasha, akauliza, "Mzee anaendeleaje?" nikasikia mdomo wangu unasema, "Anajikaza," nikatia sahihi. Sasa ni mara ya tatu. Karo ya mtoto imelipwa, nawashukuru mpaka machozi, lakini juzi Bwire ameleta na kilo mbili za sukari, eti ya uji wa mgonjwa, akasema karani mwenzao Perez naye amefutwa kazi ila orodha imejaa, angoje. Sukari sijaifungua. Nikisema wataniita mwizi, nikinyamaza nashindwa hata kuomba. Nifanyeje?

Benedetta, Malaba

Benedetta, pole sana mama, maana naona hapo Malaba hakuna aliyekupa pole. Miezi mitatu umefiwa na bado unapokelea sukari mgonjwa asiyekuwepo! Umejitesa bure.

Sasa nikugombeze. Mzee alikuruhusu kutia sahihi akiwa hai, basi. Pesa hizo ni za asiye na kazi, na Perez hana kazi. Mtoto wako amesomea zamu ya Perez.

Lakini mwizi sugu angekuwa ameshamaliza ile sukari. Usingoje tarehe tano. Nenda kwa Bwire kesho asubuhi, wewe mwenyewe, na karatasi ya kifo mkononi. Usianze na "nilichanganyikiwa." Sema, "Nilitia sahihi mara tatu na mzee yuko kaburini, nisameheni." Omba jina lifutwe ukiona, la Perez liandikwe, na mkubaliane utarudisha kidogo kidogo. Kisha uliza kama chama kina mchango wa msiba. Vingi huwa nao, na huenda ungeupata mwezi wa nane bila kudanganya mtu! Wakikata deni humo, shukuru.

Wakifoka, vumilia, wamewalisha muda mrefu. Wakishatulia watataka kujua Omoding alikufaje, alisema nini mwisho, kwa sababu walikaa naye meza moja miaka mingi na hawajamlilia. Waambie yote. Na ile sukari, mama, ifungue siku watakapokuja kwako matangani, uwapikie chai.